Wasomaji Wauliza: Lenzi Kuukuu, Kamera Mpya

Nimepata lenzi kuukuu, Helios 44-2, na adapta ya kuifunga kwenye kamera yangu, Nikon D3500. Mtu aliye karibu anatoka safi, lakini mashua ikiwa upande wa kisiwa cha Manda inatoka na ukungu hata nikizungusha pete ya fokasi mpaka mwisho. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? — Msomaji, Langoni, Lamu

Lenzi yako ni nzima. Tatizo ni nafasi. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, mpaka kwenye sensa inayonasa picha. Lenzi za skrubu ya M42, kama Helios hiyo, ziliundwa kwa umbali wa milimita 45.46. Mdomo wa Nikon uko milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, kwa hiyo lenzi imekaa nje kwa zaidi ya milimita 1 kabla hata hujaweka adapta. Adapta ikiongeza milimita 1 nyingine, lenzi ya milimita 58 haitafokasi kitu kilicho mbali zaidi ya kama mita 1.7. Ndiyo maana sura ya mtu unaipata na mashua unaikosa.

Zipo adapta zenye kigae cha kioo ndani zinazorudisha fokasi ya mbali, ila za bei rahisi hulainisha picha, hasa tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi likiwa wazi. Hatuzipendi. Ukitaka kubaki na Nikon, tafuta lenzi za Nikon zenyewe za aina ya AI, zilizoanza kutoka 1977. Zinaingia bila adapta. Helios mwekee mwenye Canon EF (milimita 44) au kamera isiyo na kioo cha ndani (kile kinachoinuka unapopiga), kama Sony E (milimita 18) au Fuji X (17.7). Kwa hizi mbili adapta ni bomba tupu, na lazima kwenye menyu uruhusu kamera kupiga bila lenzi, la sivyo shata, yaani pazia linalopitisha mwanga kwenye sensa, haitafyatuka. Mwenye Canon ya sensa kubwa awe mwangalifu: kwenye baadhi yake kioo cha ndani hugonga kitako cha lenzi inapofokasi mbali.

Jambo jingine kuhusu Helios hiyo: ina pete mbili za tundu. Ya kwanza unaiweka kwenye namba unayotaka, tuseme f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ya pili unaifungua kabisa upate mwanga wa kufokasi, kisha unaizungusha hadi ikwame yenyewe kwenye f/8, ndipo unapiga. Wengi husahau hatua ya mwisho, wakapiga kila kitu kwa f/2 na kulaumu lenzi kuwa haikati.

Kamera hainipimii mwanga nikifunga lenzi hizi. Nifanyeje? — huyohuyo

Weka kamera kwenye M, upange mwenyewe kwa mkono. Kwenye jua kali la mchana, ISO (kipimo cha sensa kuhisi mwanga) ikiwa 100, anza na f/16 na shata ya 1/125 ya sekunde. Kila ukifungua tundu hatua moja, ongeza kasi ya shata mara mbili: f/11 kwa 1/250, f/8 kwa 1/500. Mwisho wa D3500 ni 1/4000, hivyo juani usiende wazi kuliko f/2.8. Mbele ya ukuta uliopakwa chokaa funga hatua moja zaidi. Ndani ya vichochoro hesabu hiyo haifai kitu. Piga moja, tazama kwenye skrini, rekebisha.

Lenzi niliyoirithi ina nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui. Nikiianika juani itapona? — Msomaji, Shela

Hiyo ni kuvu, na hewa ya pwani ndiyo shamba lake. Usiianike: joto hulainisha grisi ikachirizika kwenye majani ya tundu, na lenzi iliyoachwa ikitazama jua inaweza kuchoma kitu. Mpe fundi aifungue na kuisafisha mapema, kwani kuvu ikikaa sana hula rangi ya kinga ya kioo, na alama hiyo haifutiki. Alama ndogo kwenye kioo cha mbele haionekani sana pichani. Kwenye cha nyuma inaudhi.

Zilizo salama ziweke kwenye kopo la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu na gramu 100 hadi 200 za silika, zile chembe zinazonyonya unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Ile ya buluu ina kobalti, kwa hiyo isiguse vyombo vya chakula. Na ule mkoba wa ngozi uliokuja na lenzi, mzuri kwa macho, utupe: unashika unyevu.

Ukitoka ufukweni futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, si ya bahari. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha pete, acha hapohapo. Ni mchanga kwenye nyuzi za skrubu, na kila ukizungusha unazisaga.

Kikundini tunakosoana picha kwa WhatsApp, lakini zinafika zimepauka na taarifa za lenzi hazipo. — Msomaji, Mkomani

Tuma kama faili, si kama picha. WhatsApp hubana picha. Taarifa za lenzi haziwezi kuwapo kwa sababu lenzi hizi kuukuu hazina waya wa kuzungumza na kamera. Andika mwenyewe chini ya picha: jina la lenzi, tundu, shata, ISO. Bila namba ya tundu, anayekukosoa anakisia. Kama kamera yako ina kituliza-mtikisiko ndani ya mwili, iambie pia lenzi ni ya milimita ngapi, la sivyo itatuliza kwa kipimo kisicho chake.

Kumbuka tu kwamba faili kamili iliyopigwa kwa simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Kama ni picha ya nyumba au ya watoto wa mtu, zima eneo kwenye mipangilio ya kamera ya simu kabla ya kupiga, na idhini ya wenyewe iombwe kabla ya kutuma, hata kama kikundi ni cha watu kumi.