Thomas Carter na ushauri kwa mwigizaji anayetaka kuongoza

Wengi wetu tuliotazama filamu ya Coach Carter tunamkumbuka Samuel L. Jackson akiufunga ukumbi wa mpira wa kikapu mpaka vijana wake wapandishe alama za darasani. Ni wachache waliosubiri kusoma jina la mwongozaji, na huenda baadhi yao walidhani ni ndugu wa kocha mwenyewe. Thomas Carter hana undugu na Ken Carter, yule kocha halisi wa Richmond High School huko California aliyefunga ukumbi mwaka 1999. Kinachomuunganisha na habari ile ni kingine kabisa: zaidi ya miaka 25 kabla ya filamu hiyo kutoka mwaka 2005, yeye mwenyewe alikuwa akivaa jezi ya timu ya shule mbele ya kamera, akiigiza mchezaji wa kikapu katika tamthilia ya televisheni.

Mimi niliigiza katika tamthilia jijini Dar es Salaam kabla ya kuanza kuziongoza, na vijana wanaoigiza huniuliza mara kwa mara wasome chuo gani au wanunue kamera gani ili nao wavuke upande wa pili. Jibu langu huwa halina chuo wala kamera. Huwasimulia kazi ya Carter, kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo nami nimelishuhudia: kwa kawaida mwigizaji anakuwa mwongozaji palepale anapofanyia kazi, machoni pa watu ambao tayari wanamjua tabia, na muda anaoutumia kujifunza ni ule ambao waigizaji wenzake wanauona kuwa ni wa mapumziko.

Tamthilia iliyomtambulisha iliitwa The White Shadow, ikarushwa na kituo cha CBS kuanzia Novemba 1978 hadi Machi 1981. Ilihusu mchezaji wa zamani wa ligi ya NBA, aliyeigizwa na Ken Howard, ambaye baada ya kuumia goti anakwenda kufundisha kikapu katika shule ya Carver jijini Los Angeles, shule ambayo wanafunzi wake wengi ni Weusi na Walatino kutoka familia zenye kipato kidogo. Carter, kijana kutoka Texas, aliigiza nafasi ya James Hayward, mchezaji mwenye akili na msimamo, asiyekubali kusukumwa. Haikuwa tamthilia iliyovunja rekodi za watazamaji, lakini ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika kuwapa vijana wengi Weusi nafasi za uzito katika drama ya saa nzima, na ndani yake Carter aliomba na kupewa nafasi ya kuongoza baadhi ya sehemu.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Nafasi ile ilipatikana katika tamthilia ileile aliyokuwa akiigiza, chini ya mtayarishaji yuleyule, pamoja na wapiga picha na waigizaji waliokwisha kumzoea. Aliyeianzisha tamthilia hiyo ni Bruce Paltrow (vijana wa leo watamjua zaidi kama baba wa Gwyneth Paltrow), na kampuni iliyoitengeneza ni MTM, iliyoanzishwa na mwigizaji Mary Tyler Moore na mumewe wa wakati huo, Grant Tinker. MTM ilisifika kwa kuwaachia wasanii wake uhuru. Carter alipomaliza na The White Shadow aliendelea ndani ya nyumba hiyohiyo: aliongoza Hill Street Blues, tamthilia ya polisi, na mwaka 1982 akaongoza sehemu ya kwanza ya St. Elsewhere, tamthilia ya hospitali ambayo Paltrow pia alikuwa miongoni mwa wakuu wake.

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati ya mtu mmoja. Basi tuwaangalie waliokuwa naye katika timu ileile ya Carver. Kevin Hooks, aliyeigiza kama Morris Thorpe na ambaye akiwa mtoto alionekana katika filamu ya Sounder ya mwaka 1972, naye akawa mwongozaji. Wale waliokesha na Prison Break wameona kazi yake bila kujua, kwa kuwa aliongoza sehemu kadhaa za tamthilia hiyo. Timothy Van Patten, aliyeigiza kijana mwenye asili ya Kiitaliano aliyepachikwa jina la Salami, akawa miongoni mwa waongozaji walioshika sehemu nyingi zaidi za The Sopranos, akaongoza sehemu iliyofungua Game of Thrones mwaka 2011, na mwaka 2012 akatwaa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya uongozaji kwa Boardwalk Empire. Kisha kule St. Elsewhere, Eric Laneuville, aliyeigiza mhudumu wa hospitali, alipita njia iyo hiyo na kupata Emmy yake mwaka 1992 kwa I'll Fly Away. Waigizaji wanne kutoka seti mbili, na mtayarishaji mmoja nyuma ya seti zote mbili. Hiyo si bahati. Ni mahali pa kazi palipokubali kwamba mwigizaji anaweza kuwa na macho, si sura tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kumchunguza mtayarishaji wako kabla ya kujichunguza mwenyewe. Je, amewahi kumpandisha mtu kutoka ndani? Je, mhariri wake alianza kama msaidizi? Mwandishi wake aliwahi kuwa nani? Mtayarishaji ambaye kila mara huleta mtu kutoka nje hatakupa tamthilia yake hata ukisoma vitabu vyote vya sinema. Ukimpata wa aina ya Paltrow, usimwombe kuongoza siku ya kwanza. Omba kumfuata mwongozaji wa sehemu moja tangu siku ya kwanza ya maandalizi hadi chumba cha uhariri, bila malipo ya ziada na bila kutoa maoni usipoulizwa. Waigizaji wengi huomba kukaa seti tu siku za kupiga picha, na hizo ndizo siku ambazo maamuzi mengi yamekwisha kufanywa.

Mimi nilijifunza zaidi kwa kukaa karibu na mtu anayeangalia mwendelezo, yule anayeandika kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto na kwamba kitenge kilifungwa juu ya bega la kulia. Ni kazi isiyo na sifa, na kwenye seti nyingi za kwetu haina hata mtu maalumu. Lakini ukikaa hapo utaanza kuona kwamba tukio moja linapigwa kwa vipande, kwamba kila kipande kina sababu, na kwamba usiku ukikukuta hujapata kipande fulani, mhariri hataweza kukikuumbia.

Ni vizuri pia kuelewa kwamba televisheni si sinema. Katika filamu mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho, au angalau ndivyo tunavyopenda kuamini. Katika tamthilia ya Kimarekani mwenye nyumba ni mwandishi aliye pia mtayarishaji mkuu, na mwongozaji wa sehemu moja ni mgeni aliyealikwa. Kwa drama ya saa moja, kwa desturi hufika takriban wiki moja kabla, hupitia skripti ambayo pengine bado inabadilishwa, huchagua maeneo, hupiga picha kwa siku zipatazo nane, hupewa siku chache za kuandaa uhariri wake, kisha huondoka na kuwaachia wenyewe wamalizie. Wakati anapiga picha, mwongozaji mwingine yuko chumba cha pili akiandaa sehemu inayofuata. Mwigizaji aliyezoea kuwa kipenzi cha seti anaweza kuumia anapogundua hivyo. Lakini ndiye mgeni anayefaa kuliko wote, kwa sababu anazijua desturi za nyumba: anajua mhusika huyu hawezi kucheka hivi, na anajua kwamba waigizaji fulani wawili wafanye zoezi mapema kabla ya chakula cha mchana.

Faida hiyo ina upande wake mbaya. Waigizaji wanaoanza kuongoza, nimewaona mara nyingi, humwonyesha mwenzao namna ya kusema sentensi: wanaisema wao, kwa sauti yao, kisha wanataka irudiwe. Hakuna linalomfunga mwigizaji kuliko hilo. Mwambie mhusika anataka nini kwa huyu aliye mbele yake, kisha kaa kimya. Na jingine: kwa kuwa macho yako yamezoea nyuso, utasahau chumba. Ukifika eneo la kupigia picha, jiulize kwanza mlango uko wapi, dirisha liko wapi, na mtazamaji atajuaje nani kasimama upande gani, ndipo uanze kuwaza machozi.

Kazi iliyomjengea Carter heshima zaidi katika miaka ile ilikuwa sehemu ya kwanza ya Miami Vice, tamthilia ya polisi iliyorushwa na kituo cha NBC Septemba 1984. Sehemu ya kwanza ya tamthilia ni kazi tofauti na nyingine zote, kwa maana mwongozaji wake hushiriki kuamua sura ya kila kitakachofuata: rangi, mwendo wa kamera, namna watu wanavyozungumza. Michael Mann, mtayarishaji mkuu, ndiye anayetajwa zaidi kwa sura ya tamthilia ile, na kwa haki, lakini aliyesimama nyuma ya kamera katika sehemu hiyo ni Carter. Kuna safari ya usiku ndani ya gari, wapelelezi wawili wa tamthilia hiyo, Crockett na Tubbs, wakielekea kwenye hatari, wimbo wa Phil Collins ukipiga na maneno yakiwa machache mno. Katikati ya safari Crockett anasimamisha gari penye kibanda cha simu na kumpigia mke waliyeachana, kumuuliza kama walichokuwa nacho kilikuwa cha kweli. Mimi naona hapo mkono wa mtu aliyewahi kuigiza: ameamini kwamba mwigizaji anaweza kubeba dakika nzima bila kuelezewa. Kwetu tunaogopa ukimya. Tukiona sekunde tano hazina maneno tunaongeza muziki wa huzuni. Hapa muziki uko, lakini haulii kwa niaba ya mhusika.

Mwaka 1990 alikuwa na tamthilia aliyoianzisha mwenyewe, Equal Justice, kuhusu waendesha mashtaka, iliyorushwa na ABC. Ilidumu kwa muda mfupi tu, hata hivyo ilimpa Emmy ya uongozaji wa drama miaka miwili mfululizo, 1990 na 1991. Yule mgeni sasa alikuwa mwenye nyumba.

Filamu zake za sinema nazitaja kwa haraka. Swing Kids ya 1993 haikufanya vizuri kwenye majumba ya sinema. Metro ya 1997 ilikuwa na Eddie Murphy. Save the Last Dance ya 2001 iliingiza zaidi ya dola milioni 100. La kuangalia ni kwamba katikati ya yote hayo hakuitupa televisheni. Alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu wa Don King: Only in America, filamu ya HBO ya mwaka 1997 juu ya promota aliyelipeleka pambano la Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa mwaka 1974, nayo ikapata Emmy ya filamu bora ya televisheni. Hata baada ya Coach Carter alirudi kuongoza filamu ya televisheni, Gifted Hands, mwaka 2009. Anayedhani tamthilia ni ngazi ya kupandia na kuiacha ajiulize kwa nini mtu mwenye filamu iliyouza hivyo aliendelea kurudi huko.

Siku mtayarishaji atakapokubali, omba upewe sehemu ambayo mhusika wako anaonekana kidogo, ikiwezekana tukio moja au mawili, na uyapige siku ya kwanza ili uvue vazi hilo na kubaki na kazi moja. Zungumza na mpiga picha kabla ya siku hiyo, si asubuhi yake. Na seti zetu nyingi hazikupi wiki ya maandalizi, kwa hiyo itafute mwenyewe: nenda kwenye eneo ukiwa peke yako jioni, saa ileile utakayopigia picha, usimame pale kamera itakapokuwa na usome skripti yote kwa sauti.