Aandike kwenye CV, ila asiandike "mtumiaji mzuri wa Instagram"

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 22 aandike kwenye CV kwamba anaijua mitandao ya kijamii, maana wengine wamekwambia waajiri watamwona mtoto wa kuchezea simu. Mimi nasema aandike, tena bila aibu. Ila ile sentensi uliyotuwekea, "mtumiaji mzuri wa Instagram, TikTok na Facebook", aifute. Ni sawa na mtu anayeomba kazi ya udereva kuandika kwamba amezoea kupanda gari.

Nami niliingia kazini kwa mlango huohuo. Nilikuwa na miaka 23, msaidizi wa ofisi, na wiki ya pili tu bosi akanikabidhi ukurasa wa kampuni: "Wewe kijana, haya mambo unayajua." Nikaposti kila siku, wafuasi wakapanda, nikafurahi. Mwisho wa mwezi akaniuliza: kati ya hao, wangapi wametupigia kuulizia huduma? Sikuwa na jibu. Hata zile takwimu alizokuwa nazo mezani nilizompelekea mimi zilikuwa na kasoro. Akaunti ya biashara huonyesha idadi ya watu waliofikiwa, na pia mara ambazo posti imeonekana. Mtu mmoja akiiona mara tatu, hesabu ya kwanza ni mmoja, ya pili ni tatu. Mimi nilichukua ya pili nikaiita idadi ya watu. Hakuna aliyenifundisha, kwa sababu kila mtu aliamini kijana huzaliwa akijua.

Baadaye nikaweka wimbo uliokuwa unavuma kwenye video ya tangazo, na sauti ikaondolewa. Kwenye akaunti yangu binafsi nilikuwa nautumia bila shida. Kumbe akaunti za biashara TikTok zina maktaba yao ya nyimbo zilizoruhusiwa kibiashara, na wimbo wa msanii yeyote hauwi halali kwa tangazo eti kwa kuwa kila mtu anaucheza.

Lililoniuma zaidi lilitokea kwenye kazi yangu ya pili. Akaunti ya kampuni ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na namba ya kupokea msimbo wa uthibitisho ilikuwa yake. Tukaipoteza, pamoja na maswali ya wateja yaliyokuwa humo bila kujibiwa. Tangu siku hiyo, nikikabidhiwa ukurasa naanza na maswali haya: barua pepe ni ya nani, wasimamizi ni wangapi (wasipungue wawili), na nani anaruhusiwa kujibu mteja aliyekasirika. Kijana anayeuliza hayo siku ya kwanza, namwamini.

Wanaowadharau vijana nao wanakosea, na hili nalisema kwa uzito. Sasa nasimamia wawili, na wananizidi katika mambo ya msingi kabisa. Wanajua video inapoteza watu sekunde ya ngapi. Wanaandika maneno yanayosemwa chini ya video, kwa sababu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, na asiyesikia naye anafaidika. Wanatambua mapema mzaha ambao utageuka tusi. Hayo hayakuja bure, wameyapata kwa miaka ya kutazama na kutengeneza, na mwajiri anayeyaita mchezo anapata bure kitu ambacho angepaswa kukilipia.

Basi mdogo wako atafute ukurasa wowote aliowahi kuusimamia, hata wa klabu ya chuo. Aandike ulikuwa wa nini, alikuwa anaposti mara ngapi kwa wiki, na kitu gani kilibadilika nje ya simu: watu waliojiandikisha, waliofika kwenye mkutano, waliouliza. Namba ziwe za kweli hata kama ni ndogo, kwa sababu ataulizwa alizipataje. Kama hana ukurasa wa namna hiyo, aombe kusimamia mmoja kwa miezi mitatu kabla ya kutuma maombi. Akishaandika upya, iweke hapahapa kwenye uzi, nitaisoma.