Kwa wadogo wanaoanza kusoma habari za makombora

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye chumba cha habari hapa Lubumbashi, vita vya makombora vikianza mtaletewa tarakimu kabla moshi haujatua. Ulizeni kwanza: nani kahesabu, na kahesabu nini?

Chukueni Aprili 2024. Iran ilirusha droni na makombora zaidi ya 300, na jeshi la Israel likatangaza kwamba asilimia 99 yamezuiwa. Lakini hesabu hiyo ilichanganya droni, zinazosafiri kwa saa nyingi na ni rahisi kutunguliwa, na makombora ya balestiki yanayofika kwa dakika chache. Machache yaliyopenya na kuangukia kituo cha ndege za kivita cha Nevatim yalikuwa ya balestiki. Zigawanyeni hesabu kama hizo kabla ya kuzisoma hewani. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, Rais Bush wa Marekani aliusifu mtambo wa kuzuia makombora uitwao Patriot kwamba umepiga makombora 41 kati ya 42 ya Iraq aina ya Scud. Baadaye jeshi lake lenyewe likashusha madai hayo sana.

Oktoba 2024 Nevatim ikapigwa tena, na picha za setilaiti zikaonyesha mashimo mengi. Hapo tulieni. Tundu kwenye paa la banda la ndege halisemi kama ndege ilikuwamo. Shimo kwenye njia ya kurukia hufukiwa kwa saa chache. Swali lenye uzito ni kama ndege bado zinaruka, na za Israel ziliendelea kuruka.

Fordow, kiwanda cha Iran cha kurutubisha urani kilichochimbwa ndani ya mlima, ni ngumu zaidi. Tarehe 22 Juni 2025 Marekani iliipiga kwa mabomu ya kupasua miamba, na Trump akasema imeangamizwa kabisa. Siku chache baadaye ikavuja tathmini ya awali ya ujasusi wa kijeshi wa nchi hiyohiyo: mradi wa nyuklia wa Iran umerudishwa nyuma kwa miezi tu. Picha za juu zilionyesha matundu mlimani. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa hili: mdomo wa mgodi ukifukiwa, hujui galeri, yaani njia za chini, ziko katika hali gani. Tena kulikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60, inayokaribia kiwango cha bomu la nyuklia, na wakaguzi hawakuweza kuthibitisha iliko.

Mkiulizwa nani ataishiwa kwanza, msihesabu makombora peke yake. Tazameni mitambo ya kurushia, na akiba ya makombora ya kuzuia, ambayo moja laweza kugharimu mamilioni ya dola na kutengenezwa kwake huchukua muda mrefu. Katika vita vya Juni 2025 mashambulizi ya Iran dhidi ya Israel yalipungua ukubwa kadiri siku zilivyokwenda. Huenda mitambo iliharibiwa, huenda walikuwa wakiweka akiba. Semeni yote mawili. Ukimya nao si ushahidi: Israel ina udhibiti wa kijeshi wa habari, na Iran ilizima intaneti.

Kisha atapiga simu mtu wa madini, maana salfa ya kutengenezea asidi ya kusafishia shaba yetu nyingi hutoka Ghuba. Yeye hajali Fordow, anataka kujua kuhusu Hormuz, mlango wa bahari ambamo meli hutokea Ghuba. Juni 2025 bunge la Iran liliunga mkono kuifunga, lakini meli ziliendelea kupita. Mjibuni kwa mwendo wa meli za siku hiyo, wala si kwa hotuba ya jana.