Maswali ya Wasomaji wa Kanda ya Ziwa Kuhusu Nishati na Gesijoto

*Watanzania tunachafua hewa kidogo sana. Kwa nini tupangiwe mikakati ya nishati ya miaka 50?* (Mfanyabiashara, Kirumba)

Ni kweli, ndugu yangu, kwamba hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe nchini haifiki tani moja kwa mtu kwa mwaka, ilhali Marekani hupita tani 13. Hata hivyo, hewa ukaa ni gesijoto, yaani hushika joto duniani, na hudumu angani kwa karne nyingi: kabla ya viwanda ilikuwa takribani sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, na leo imepita 420. Ongezeko halitakoma mpaka dunia nzima ikaribie kuacha kabisa kuitoa. Pamoja na hayo, mtambo wa umeme ukishajengwa hufanya kazi miaka 30 au zaidi, kwa hiyo tunachokijenga sasa ndicho watakachorithi wajukuu, pamoja na madeni yake.

*Wavuvi wa dagaa tulioacha karabai na kutumia taa za sola tumesaidia chochote?* (Mvuvi, Ukerewe)

Kwa hesabu ya gesijoto, kidogo. Kwa mfuko wako, pengine sana. Bei ya paneli imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010. Betri zilizochoka, tafadhali, zisitupwe ziwani.

*Tuna Rusumo na Bwawa la Nyerere. Kwa nini tusitegemee maji peke yake?* (Mwalimu, Sengerema)

Rusumo ina megawati 80, tunazogawana na Rwanda na Burundi, na Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Ni hazina kubwa isiyochoma mafuta, lakini inategemea mvua, na sisi wa ziwani tuna ushahidi mlangoni. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilipungua, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, na Uganda ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Mwaka 2020 ziwa hilohilo lilifurika hadi nyumba za mwaloni zikazama. Kwa maoni yangu, bwawa litumike kama akiba: sola ya nyanda kavu kama Kishapu ifanye kazi mchana, maji yabaki nyuma ya ukuta, kisha mitambo ya bwawa iwashwe jioni watu wanaporudi nyumbani. Gesi ya Songo Songo, inayozalisha umeme tangu 2004, ibebe miaka ya ukame, bila kujengewa mitambo mingi kupita mahitaji hayo. Yote haya yanahitaji njia imara za kusafirisha umeme, jambo ambalo wanasiasa hulisahau kwa kuwa nguzo hazina uzinduzi wa kupendeza.

*Gesi ya mtungi nayo si mafuta ya ardhini? Mbona tunahimizwa kuacha mkaa?* (Mama lishe, Buhongwa)

Swali lako, mama, ni zito. Gesi hutoa hewa ukaa, lakini mkaa wa miti isiyopandwa upya hutoa pia, na tanuru la udongo la kuchomea mkaa huongeza methani, gesijoto nyingine, na kupoteza sehemu kubwa ya nishati ya kuni. Mkakati wa taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kikwazo ni kwamba mkaa unanunuliwa kwa kopo, mtungi hujazwa kwa mkupuo. Mtungi wenye mita, unaolipiwa kadiri ya matumizi, utakufaa zaidi kuliko semina. Na kwa maharage, jaribu jiko la presha la umeme.