Ukichora Mwanza ya Zamani, Anza na Mstari wa Maji

Picha nyingi za historia ya Mwanza huharibika kabla rangi haijafunguliwa. Mchoraji anakwenda Kamanga, kando ya ziwa, anapiga picha kwa simu Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu uliosimama majini, anafuta minara na bodaboda, kisha anaandika pembeni "Mwanza 1935".

Kosa liko majini. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Kwa hiyo chora kwa mkaa mtu mzima amesimama mwambani, nyayo zake zikigusa maji ya leo. Huyo ndiye rula yako: kwa picha ya 1935, shusha maji chini ya nyayo zake kwa kimo chake kizima na ziada kidogo, halafu mfute. Miamba iliyozama itokeze.

Chagua mwaka mmoja. "Enzi za mkoloni" si mwaka. Ukishauchagua, pitia kila kitu kwenye picha ukiulize kama kilishafika. Treni ruksa, reli ya Tabora ilifika 1928. Meli ya MV Victoria bado. Magugu maji yang'olewe yote, ziwani yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaoumbua wachoraji hasa ni samaki: sangara aliletwa kuanzia miaka ya 1950, na hata sato mwenye mistari ya wima mkiani ni mgeni wa miaka hiyohiyo. Kapu la 1935 lijaze furu, ningu, kamongo, na sato wa asili asiye na mistari hiyo.

Picha za kale za nyeusi na nyeupe nazo zina hila. Sahani nyingi za kioo za zamani hazikuiona nyekundu, hivyo shuka jekundu hutoka jeusi na anga la bluu hutoka jeupe. Usiige weusi huo. Waulize wazee, lakini usiwaulize mwaka, uliza "kabla ya Uhuru au baada?", "maji yalifika wapi?"

Kwa kuchorea, kitambaa cha marekani kinatosha. Kivute kwenye fremu, paka gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 kwa maji sehemu 3, acha ikauke, kisha rangi ya ukuta ya maji, nyeupe, mikono miwili, ukipiga msasa laini katikati. Usitumie rangi ya ukuta inayong'aa: rangi ya juu haishiki, na sehemu ya kwanza kubanduka huwa anga, pale ulipopaka mara nyingi.