Yoga kwa mama wa miaka 64? Mi nilianza na 56, ngoja niseme nilivyoona

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mleta uzi umeuliza kuhusu mama yako wa miaka 64 aliyeko Igawilo, magoti na kiuno vinamsumbua, daktari kamwambia afanye mazoezi, wewe ukamwazia yoga ila mwenyewe anasema hayo ni ya Wahindi na ya mabinti wa Instagram wanaojikunja kama kamba, na unauliza kwa umri huo itamsaidia au ndo utamvunja. Naona wengi wamekujibu kwa utani, mmoja kasema mpe jembe. Mi nna miaka 61, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko hapo Uyole, Mbeya, na nimeanza nikiwa na 56. Kwa hiyo nakujibu ninachokijua.

Kilichonipeleka kwenye yoga ni choo. Usicheke. Tulienda msibani Rungwe, ndani ndani huko kupita Tukuyu, na mvua ya kule mnaijua haina adabu. Nikaenda chooni, cha shimo, kushuka nikashuka vizuri tu, kunyanyuka sasa, magoti yamegoma. Nikashika mlango, ule wa mabanzi, ukalia kwaaa, nikaona huu nikiung'oa ntakuwa hadithi ya msiba mpaka arobaini. Ikabidi nipige goti kwenye tope na kitenge changu kipya, nikajisukuma ukutani mdogo mdogo, nje wifi yangu anaita "mwalimu, mzima humo?" Tukarudi kukaa kwenye mkeka na akina mama, na jioni kunyanyuka wakanivuta wawili, kila mmoja na mkono wake, kama wanang'oa muhogo. Mama yangu mzazi alifika miaka 80 na kitu na alikuwa anachuchumaa anachambua maharage asubuhi nzima, halafu anainuka na ungo wake mkononi. Mimi imekuwaje?

Imekuwaje ni hivi, miaka zaidi ya 30 nimesimama ubaoni, nimekaa kwenye kiti, nyumbani choo cha kukaa, sebuleni sofa, kwenda sokoni Mwanjelwa napanda bajaji. Chini nilikuwa siendi kabisa. Mwili ukaona hii kazi ya kushuka na kupanda huyu mama haihitaji, ukaiacha. Na sisi wanawake hedhi ikishakoma mifupa nayo inapungua nguvu haraka kwa sababu homoni iliyokuwa inailinda imeshuka, sasa changanya mapaja yaliyolegea na mifupa iliyopungua, ukianguka ndo basi. Dada yangu aliteleza kwenye saruji iliyomwagwa maji, kuanguka kwa kawaida tu, mkono ukavunjika kwenye kifundo pale karibu na kiganja, miezi akawa hawezi hata kusonga ugali.

Sasa hapa ndo nilipokosea mimi, na nataka mama yako asirudie. Nilijiunga na sehemu moja hapa mjini wanafundisha jioni. Mwalimu kijana, mcheshi, sina neno naye, ila darasa zima ni watoto wa chuo na mimi bibi yao. Siku ya tatu akatuweka ule mkao wa mbwa, mikono chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia, tukae hapo pumzi tano. Mimi nna presha, yeye hakuniuliza na mimi kwa aibu sikusema, si unajua ukiwa mzee katikati ya watoto hutaki kuonekana unalialia. Kunyanyuka, ukuta ukazunguka, nikakaa chini puu. Wakanipa maji. Baada ya pale nilikaa karibu miezi miwili bila kufanya chochote, nikiambia watu yoga ni ujinga. Kumbe mtu mwenye presha isiyotulia au mwenye presha ya macho hatakiwi kuning'iniza kichwa chini, na mwenye mifupa iliyokonda hatakiwi kuinama mbele kwa nguvu mgongo ukiwa umejikunja wala kujinyonganyonga kiuno. Hayo mambo yanasemwa kabla, sio baada.

Aliyenirudisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya tiba, niliyempelekea goti. Akanicheka, akasema mama, yoga unaweza kuifanya kwenye kiti. Nikadhani ananitania. Nikaja kusoma kuhusu yule mzee wa Kihindi B.K.S. Iyengar, kazaliwa 1918, utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, malaria, taifodi, kifua kikuu, kila mtu anajua huyu hafiki popote, akafika miaka 95, kafariki 2014. Yeye ndo alisambaza sana mtindo wa kufanya yoga kwa kutumia viti, mikanda, vitofali na mablanketi ili mtu mgumu au mgonjwa naye aweze. Hapo moyo ukatulia, maana nilikuwa naona kutumia kiti ni kama kuiba mtihani.

Sasa vifaa usiende kununua kitu. Tofali la kuchoma moja nimelifunga kwenye khanga kuukuu, hilo ndo la kuwekea mkono pale ambapo chini hapafikiki. Mkanda ni kitenge. Mkeka wa ukindu na juu yake blanketi, kwa sababu baridi ya saruji ya huku Juni na Julai inapanda mpaka kwenye meno. Umoja wa Mataifa waliipa yoga siku yake 21 Juni, walipitisha 2014 ikaanza 2015, nadhani hawakuuliza mtu wa Mbeya, maana tarehe hiyo kujinyoosha saa 12 asubuhi ni kujitafutia mkazo wa msuli. Mi nafanya saa nne, jua likishaingia dirishani, na soksi sivai, zinateleza.

Kazi kubwa kuliko zote ni hii, na kama mama atafanya moja tu afanye hii. Kiti cha mbao, mgongo wa kiti umeegemea ukutani. Cha plastiki hapana, kile miguu inapanuka na kinateleza. Anakaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, upana wa nyonga. Anapeleka kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu anasukuma sakafu kwa visigino, anainuka huku anatoa pumzi. Kushuka ndo kwenye dawa, wengi wanajidondosha kama gunia la viazi, yeye ashuke akihesabu mpaka nne, makalio yaguse kiti kama yai. Akishindwa aweke mto juu ya kiti kiwe kirefu, wiki zikienda anatoa mto. Wamarekani wana kipimo chao cha kuangalia nani yuko kwenye hatari ya kuanguka, unapishanisha mikono kifuani unahesabu umenyanyuka mara ngapi kwa sekunde 30, na kwa mwanamke wa miaka 60 mpaka 64 ukipata chini ya 12 wanakuhesabu uko chini ya wastani. Mi siku ya kwanza nilipata 7 na jasho likanitoka. Ilinichukua miezi minne kufika 12, sasa hivi nacheza kwenye 15, siku nyingine 14 nikiwa nimelala vibaya.

Ya pili ni kusimama mguu mmoja, wenyewe wanaita mti. Sio ule wa kwenye picha mguu umepanda mpaka pajani. Kidole gumba kibaki chini, kisigino tu kiegemee kifundo cha mguu mwingine, mkono mmoja kwenye meza ya jikoni. Mi nafanya nikisubiri chai ichemke. WHO, shirika la afya duniani, kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtu wa miaka 65 na kuendelea afanye mazoezi ya balansi na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, juu ya zile dakika 150 mpaka 300 za kutembea au kazi ya kukutoa pumzi. Kwa hiyo yoga haifuti kutembea, hapo mama asikudanganye.

Halafu yule aliyesema ampe jembe, ndugu yangu hujakosea sana, jembe ni mazoezi. Ila angalia mwanamke wa huku anavyopalilia viazi, ameinama upande mmoja masaa matatu, akitoka hapo anabeba kuni, akifika anainama kufagia. Lini huo mgongo unarudi nyuma? Haurudi. Ndo maana nalala kifudifudi, viganja chini ya mabega, nainua kifua kidogo tu, kitovu kinabaki chini, huo wanaita nyoka, pumzi tatu nashuka. Na paka na ng'ombe, wa kupiga magoti na viganja chini, unatunisha mgongo juu unaubonyeza chini. Magoti yakiuma weka blanketi limekunjwa mara nne, au fanya umekaa kitini, mikono mapajani, inafanya kazi vilevile. Kisha mwisho ni kulala chali na blanketi dakika tano, kutoa pumzi kwa urefu kuliko kuvuta, moyo unatulia wenyewe. Kwa Kisanskriti inaitwa shavasana, maana yake mkao wa maiti. Mi nasema tu kulala chali, kwa sababu wenzangu wawili walipoambiwa hilo jina hawakurudi.

Tukija kwenye dini, hapo sitakudanganya mdogo wangu. Yoga imetoka kweli India na kwao ina mizizi kwenye imani na falsafa yao, anayekwambia ni mazoezi tu toka zamani hajui. Mi ni mwanakwaya, sopano toka enzi za usichana, nilienda kumwambia mchungaji wangu mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Akaniuliza unaomba nini ukiwa pale? Nikamwambia siombi kitu, nahesabu pumzi ili goti lisiniue. Akasema basi hesabu. Maneno ya kuimba kwa Kisanskriti siyatumii, kukunja mikono kifuani sikunji, na mgongo haujaniuliza mbona umeruka hiyo sehemu. Mama akiona bado moyo unamsuta, aache jina, afanye hiyo ya kiti, kiti hakina dhehebu.

Ambacho haijanisaidia nacho niseme. Presha bado nameza dawa kila siku, na usikubali mtu amwambie mama aache dawa kwa ajili ya kujinyoosha. Goti la kushoto bado linalia nikishuka ngazi, hasa masika. Uzito nimepunguza kidogo sana, tena nadhani ni kwa sababu ya kupunguza maandazi. Usingizi ndo umekuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Na chini sasa naenda, nashuka kwa goti moja, mkono kwenye paja, napanda kwa njia hiyohiyo. Mwezi wa nne tulikuwa na msiba mwingine kulekule, tukakaa kwenye mkeka siku mbili, na choo ni kilekile, mlango bado hawajatengeneza.

Kwa hiyo mpeleke kwanza apimwe presha, na umuulize daktari kuhusu mifupa yake, hasa kama amewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Goti likiwa limevimba na la moto asifanye siku hiyo. Aanze dakika kumi tu, akisikia kuvuta ni sawa, akisikia kuchoma au ganzi inashuka mguuni aache.

Nyumbani kwangu tuko wanne, Jumanne na Alhamisi saa nne, hatulipani, baada ya hapo tunakunywa chai na umbea kidogo. Igawilo na Uyole sio mbali, nitumie ujumbe inbox nikuelekeze. Aje na blanketi lake na kiti chake, maana mi nna vitatu tu. Akija na cha plastiki namrudisha nacho.