Kijusi Kimepunguzwa, Kliniki Haijaambiwa

Dada mmoja anayeishi Uingereza ameandika. Alipandikizwa mimba India, ikashika ya watatu, wiki ya 12 akapunguzwa kijusi kimoja hukohuko, yaani kilisitishwa tumboni ili wawili waendelee. Sasa yuko wiki ya 29 na mapacha, na kliniki haijui lolote. Anaogopa mama mkwe asije akasoma daftari la ujauzito. Anauliza, bado kuna haja ya kusema?

Ipo, tena kubwa. Mama mkwe hahusiki, daktari anahusika. Mwambie mkunga ana kwa ana na umwombe aandike kwenye faili la hospitali tu, si kwenye karatasi unazobeba mkobani. Apate mambo manne: tarehe, vijusi vilikuwa vingapi, kila kimoja kilikuwa na kondo lake au walishiriki, na njia iliyotumika.

Hilo la kondo ndilo zito. Kijusi chenye kondo lake hupunguzwa kwa sindano ya potasiamu kloridi moyoni, sindano ikiongozwa na ultrasaundi, na dawa haiwafikii wenzake. Wanaoshiriki kondo mishipa yao imeungana, kwa hiyo sindano hiyo haitumiki. Badala yake, kamba ya kitovu cha kijusi kinachopunguzwa huzibwa kwa joto la umeme. Njia hii huongeza hatari ya chupa kupasuka mapema, na mtoto aliyebaki huhitaji ubongo wake uchunguzwe kwa makini, mara nyingine kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Daktari asiyejua hawezi kuagiza.

Pia, ukiwa na kundi la damu la Rh hasi, je, ulichomwa anti-D, sindano ya kuzuia mwili wako usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72 baada ya kupunguzwa? Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Wengi hukosea hapa: kutoka watatu hadi wawili hakukuletei mimba ya mtoto mmoja. Wewe ni mama wa mapacha, na hatari zako ni za mapacha. Kwa miongozo ya Uingereza, wenye makondo mawili hupimwa ukuaji kila wiki 4 na kupangiwa kuzaliwa wiki ya 37. Wa kondo moja kila wiki 2, na kuzaliwa wiki ya 36. Ukinyamaza kuhusu makondo, unawaachia wakisie kwa picha za mwishoni, wakati ni vigumu kuyatofautisha.

Kiuno kikivuta na kuachia, tumbo likikaza kwa mpangilio, maji yakitiririka au damu ikionekana, nenda usiku huohuo. Usisubiri kupambazuke, maana sindano za kukomaza mapafu ya watoto zinahitaji muda: betamethasoni miligramu 12, kisha nyingine baada ya saa 24, au deksamethasoni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Uchungu ukianza mapema sana, dripu ya magnesiamu salfeti hulinda ubongo wa watoto, nayo pia hutolewa kabla hawajazaliwa.

Presha ikifika 140/90, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Ikifika 160/110, au kichwa kikigonga, macho yakiona ukungu, au maumivu yakikaa chini ya mbavu za kulia, hiyo ni dharura. Kama uliandikiwa aspirini ya kuzuia presha ya ujauzito, usiikatishe mwenyewe.

Kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa. Kondo likitoka, kijusi kilichopunguzwa huweza kuonekana kwenye utando, kidogo, kimekauka na kubanwa kama karatasi. Kikipunguzwa wiki ya 12, mara nyingi hakionekani kirahisi. Lakini mkunga asiyejua anaweza kushtuka na kusema kwa sauti, shangazi zako wote wakiwa chumbani. Basi panga mapema: nani awepo kondo linapotoka, likaguliwe mbele yako au kando, unataka kuona au hutaki, na kama litapelekwa maabara. Mkunga ayaandike yote manne kabla ya wiki ya 34, maana mapacha hawangoji miadi.